Kopo gani kwa mtoto anayedhurika na maziwa?

Swali: Assalamu alaykum daktari. Binti yangu ana miezi minne. Alinyonya tu mpaka wiki ya 14, hana tatizo lolote. Niliporudi skuli kufundisha tukaanza kumpa maziwa ya kopo ya kawaida mchana. Haikupita wiki mbili, akaanza kutapika, akatoka vipele vyekundu mashavuni, na juzi nimeona makamasi yenye michirizi ya damu kwenye choo chake. Uzito bado unapanda. Duka la dawa wamenishauri kopo lisilo na laktosi. Mavyaa wangu anasema nimpe maziwa ya mbuzi, maana ndiyo waliyolelea wanawe. Nichukue lipi? Mama wa Wete, Pemba.

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Usichukue hata moja katika hayo mawili. Na kabla ya kopo lolote, mpeleke mtoto akaonwe wiki hii kwa sababu ya ile damu. Damu kidogo kwa mtoto anayecheka na kuongezeka uzito mara nyingi ni utumbo uliochokozwa na maziwa ya ng'ombe, lakini hilo haliamuliwi kwa maandishi, daktari lazima ampapase tumbo. Akitapika nyongo ya kijani, akilia kwa vipindi huku anakunja miguu, akilegea, akivimba midomo au akipumua kwa mluzi, usingoje kupambazuke.

Hilo kopo ulilopendekezewa linatibu kitu kingine. Laktosi ni sukari ya maziwa. Mtoto wa umri huu kuishindwa tangu kuzaliwa ni nadra sana. Kinachotokea zaidi ni kuishindwa kwa wiki chache baada ya kuharisha sana, na hapo choo huwa cha maji, chenye povu na gesi, na hakiambatani na vipele. Dalili ulizozitaja zinaelekea kwenye mzio wa protini ya maziwa, yaani kinga ya mwili kuipiga vita protini hiyo. Geuza kopo usome mstari wa viambato: kwenye makopo mengi yasiyo na laktosi utakuta bado yametengenezwa kwa protini ile ile ya ng'ombe, sukari tu ndiyo iliyobadilishwa. Utakuwa umetoa fedha nyingi na damu itaendelea.

Maziwa ya mbuzi nayo protini yake inafanana mno na ya ng'ombe. Zaidi ya watoto 9 katika 10 wenye mzio wa ng'ombe hudhurika na mbuzi pia. Tena yakitoka moja kwa moja kwenye zizi yana chumvi na protini nyingi kwa figo changa, na hayana vitamini ya foliki ya kutosha.

Sasa nikwambie lililonivutia katika barua yako. Wiki 14 amenyonya, nawe nadhani ulikuwa ukila kama kawaida, na hakupata kitu. Shida imeingia na kopo. Kwa mtoto wa namna hii, chaguo langu la kwanza ni kuliondoa kopo na kumrudisha kwenye maziwa yako peke yake. Huna haja ya kuanza kujinyima. Ikiwa wiki mbili zimepita na choo bado hakijasafika, hapo ndipo uache maziwa, mtindi, samli, na uulize boflo na biskuti zimetiwa nini. Chakula chetu cha nazi kinasaidia hapo, kwani wali wa tui, samaki wa kupaka na muhogo wa nazi havina maziwa. Kwa madini ya chokaa kula dagaa na mifupa yao, na daktari ataona kama unahitaji vidonge.

Najua utauliza: na skuli je? Kamua kabla ya kutoka na wakati wa mapumziko. Kwa joto letu usiyaache mezani, yatie kwenye kiboksi chenye barafu na yatafika nyumbani salama, hata kwa saa 24 ikiwa barafu haijayeyuka. Anywe kwa kikombe kidogo, ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Siku tatu nne za mwanzo yatakuwa machache. Mnyonyeshe mara nyingi usiku, yataongezeka.

Kama baada ya hapo bado hayatoshi, kopo linalofaa ni lile ambalo protini yake imekatwakatwa vipande vidogo sana hata kinga ya mwili haiitambui. Kwenye kopo huandikwa "extensively hydrolysed". Angalau watoto 90 katika 100 wenye mzio huu huyavumilia. Jihadhari na makopo yenye herufi HA. Mengi protini yake imekatwa nusu nusu tu, na hayatibu mtoto aliyekwisha kupata mzio. Maziwa ya soya siyaanzishi kabla ya miezi sita, na wapo watoto wanaodhurika nayo pia. Juu kabisa kuna makopo ya asidi amino tupu, yaani chembe zinazojenga protini, ghali sana. Hayo huyaagiza daktari kwa mtoto mwenye mzio mkali, asiyekua, au asiyepona kwa kopo nililokutajia.

Maziwa haya ya protini iliyokatwakatwa yananuka na ni machungu, na choo kitageuka kijani. Usishtuke. Si kila duka huyaweka, kwa hiyo agizia Unguja au Dar kabla hujafungua kopo la mwisho. Na nakuomba sana usiyapunguze makali ili yafike mwisho wa mwezi. Mtoto wa kilo 6 anayetegemea kopo peke yake hunywa karibu mililita 900 kwa siku, na kopo la gramu 400 huisha siku ya nne. Nilipata kumpima mtoto ambaye kopo lake lilikuwa likifika siku ya tisa. Mama alitia kijiko kimoja palipotakiwa viwili, kwa nia njema kabisa, na ngozi ya mapaja ya yule mtoto ilikuwa imelegea kama soksi.

Unga wa kopo unaweza kuwa na vijidudu hata kabla ya kufunguliwa. Maji yachemke, yakae yasizidi nusu saa ili yawe bado nyuzi 70 au zaidi, ndipo utie unga kwa kijiko cha kopo hilo hilo, kilichosawazishwa. Poza kikombe kwa maji baridi nje. Yaliyopita saa mbili yamwage. Kazi hii mpe mavyaa wako: amelea, ana subira, na atajiona yumo katika kumponya mjukuu.

Damu hukoma ndani ya wiki moja au mbili, ngozi huchukua hata wiki nne. Akishatulia, daktari atataka mjaribu tena kidogo maziwa ya kawaida, mbele yake kama mtoto aliwahi kuvimba au kupumua kwa shida. Mama wengi hukataa, nami nawaelewa, lakini bila jaribio hilo mtoto anaweza kunyimwa maziwa miaka kwa ugonjwa asiokuwa nao. Walio nao kweli wengi wao hupona kabla ya kuingia skuli.

Ukienda hospitali chukua kadi ya kliniki, kopo lenyewe hata kama ni tupu, na nepi yenye ile damu ndani ya mfuko.