Deki ya mbao haifuati kalenda ya hoteli

Simu huanza kuingia Aprili. Wageni wameondoka, vyumba vitupu, na meneja anahesabu wiki zilizobaki kabla msimu haujafunguka Juni. Anaitazama deki, ile sakafu ya mbao ya kando ya bwawa, imepauka mpaka imeshika rangi ya punda, anasema sasa ndio wakati wake. Kwa hesabu za hoteli hajakosea. Kwa hesabu za mbao amechagua miezi mibaya kupita yote, maana Aprili na Mei hapa Unguja ni masika, na mbao iliyolowa haipokei kitu.

Mimi ni seremala, mtu wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na mbili kazi yangu kubwa ikiwa deki za hoteli na nyumba za wageni pwani ya mashariki, Paje na Jambiani zaidi. Kuosha, kupiga msasa, kubadilisha mbao zilizooza, kutia mafuta. (Mama yangu mpaka leo nikimwambia nina kazi ya deki anadhani nashika ndoo na tambara. Watu wa baharini wangesema sitaha, lakini mteja ukimwambia sitaha anauliza mashua iko wapi.) Naandika kwa fundi kijana anayetaka kuingia kwenye kazi hii. Makosa yangu nimeshayalipia, hakuna haja na wewe uyalipie.

Kubwa lao lilitokea mwezi wa Mei. Mwaka wangu wa pili, hoteli moja, deki ya msaji (wengine huuita mtiki), mita za mraba kama 90. Meneja alitaka ing'ae, basi. Mimi vanishi nilikuwa naijua tangu kwenye milango na makabati, nikaona hapa riziki imejileta. Mvua ikakatika siku mbili, jua likapiga, juu pakaonekana pakavu, nikapaka mikono mitatu. Siku ya kukabidhi ungeweza kunyolea ndevu pale chini. Meneja akapiga picha, akanilipa, tukaagana vizuri. Agosti akapiga simu. Vanishi ilikuwa imefanya malengelenge, na palipopasuka inabanduka kama mgongo wa mzungu aliyesinzia juani. Unyevu uliobaki ndani ya mbao ulikuwa unatafuta pa kutokea, na mimi ndiye niliyeuzibia mlango. Tuliikwangua deki nzima siku kumi na moja, mimi na vijana wawili, bila shilingi ya mtu, wageni wamejilaza kwenye viti wanatutazama.

Vanishi hukaa juu ya mbao. Mlango wa ndani hauna shida, haunyeshewi wala haukanyagwi. Deki inavimba ikilowa na inanywea ikikauka, mwaka mzima, na ngozi ngumu iliyo juu yake lazima ipasuke. Ikipasuka, maji yanaingia chini yake na hayatoki tena. Mafuta yanazama ndani, kwa hiyo hayana cha kubanduka: yakichoka yanafifia, unaosha, unaongeza. Mafundi wa majahazi hawakuhitaji kufundishwa hili, chombo wanakipaka sifa, mafuta ya ini la papa, na kinakaa baharini. Kinachotuzuia kuitumia hotelini ni harufu tu.

Siku hizi simu ya Aprili siikatai, ila kazi naigawa mara mbili. Wakati wa mvua nafanya ya chini: kukagua, kubadilisha mbao, kufunga upya. Mafuta yanasubiri Juni kusi ikishakausha, au Januari na Februari wakati wa kaskazi. Meneja analalamika wageni watakuwepo. Namwambia tunafunga nusu ya deki siku nne au tano, kisha nusu ya pili. Wengi wanakubali. Asiyekubali namwachia, na mara mbili nimeitwa mwaka uliofuata kukwangua alichopaka mwenzangu.

Kabla hujataja bei, ingia chini ya deki. Vua shati ukibidi. Nachukua bisibisi na kuchoma mgongo wa kila mhimili, yaani boriti ya chini, pale mbao ya juu inapolalia, kwa sababu ndipo maji yanapotuama. Ikizama bila ubishi, mhimili umekwisha, hata kama ubavuni unaonekana mzima. Nguzo nazitazama kama zina vinjia vya udongo, hao ni mchwa. Halafu skrubu. Karibu na bahari zile za kawaida zinaota kutu haraka, na mvule au msaji ukikutana na kutu kwenye unyevu unatoa doa jeusi kuzunguka kila kichwa. Mimi nafunga za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, za daraja la 316. Ni ghali, mteja atanung'unika, mwonyeshe picha za madoa hayo.

Uliza pia ni mbao gani. Msaji, wa Longuza kule Muheza au wa Kilombero, unavumilia. Paina ya Mufindi iliyotiwa dawa, ile yenye ukijani, ni laini zaidi, na vumbi lake wakati wa msasa si la kuvuta: dawa zake nyingi zina shaba, kromiamu na aseniki. Vaa barakoa, na vipande vyake usimpe mtu akapikie.

Kuosha ndiko vijana wanakoharibu kwa haraka. Mashine ya presha ni kitu kitamu mkononi, unaona uchafu unakimbia, unasogeza pua ya mashine karibu zaidi, na ikija kukauka unakuta mbao imesimama nyuzi kama paka aliyelowa. Hizo nyuzi utazilipia kwa msasa. Tumia pua pana, inayotawanya maji kwa pembe ya digrii 40, kaa kama sentimita 30, pita kwa kufuata urefu wa mbao. Kazi ya kung'oa uchafu iachie sabuni ya unga ya oksijeni, sodiamu pakaboneti, na brashi ngumu ya nailoni. Brashi ya waya usiilete, vipande vyake vinabaki mle na kuota kutu. Jiki inaua ukungu, ni kweli, lakini inachubua mbao na kuilegeza. Na kamwe usiichanganye na asidi yoyote, hewa inayotoka inachoma mapafu.

Baada ya sabuni, asidi oksaliki. Hii ndiyo inayowafanya wateja waniite mganga. Gramu 80 hadi 100 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, ndoo ya plastiki, glovu na miwani. Pakaza mbao ikiwa bado mbichi kwa maji, subiri dakika kumi na tano, na utaona ukijivu unaondoka, madoa ya kutu yanalegea, rangi ya asali inapanda kutoka ndani. Kisha suuza, suuza tena. Lakini suuza kwa maji gani? Visima vingi vya pwani hii vina chumvi. Niliwahi kusuuza deki ya watu kwa maji ya kisima cha hapohapo, nikatia mafuta, baada ya wiki mbili unga mweupe ukajitokeza kila maungio. Tangu hapo naonja maji kabla sijafungua bomba. Yakiwa na chumvi naagiza boza, na boza linaingia kwenye bei.

Msasa namba 60, halafu 80, simama hapo. Ukienda namba za juu mbao inalainika kama meza ya chakula, mafuta hayaingii na mgeni mwenye miguu ya maji anateleza.

Kukauka hakuna ujanja. Nina kipimo cha unyevu chenye sindano mbili, na sifungui kopo kabla hakijasoma asilimia 16 au chini, mbao tano tofauti, pamoja na za kivulini. Kama huna, bandika kipande cha nailoni kwa gundi pande zote jioni. Asubuhi ukikuta jasho chini yake, rudi nyumbani.

Mafuta yenyewe ni kazi ya asubuhi. Weka kiganja kwenye mbao: ikikuunguza, mafuta yatakauka juu kabla hayajazama. Chukua mbao mbili au tatu, uende nazo mwanzo hadi mwisho bila kukatisha, ukisimama katikati alama itabaki. Chagua yenye rangi kidogo, kwa kuwa mafuta meupe kabisa hayazuii jua na ukijivu utarudi upesi. Lita moja kwenye msaji huniendea mita za mraba 8 mpaka 10. Baada ya robo saa futa yote yasiyozama. Ukiyaacha yananata, na kila jani la mkungu litajibandika pale.

Matambara uliyofutia ndiyo yananitoa jasho hata sasa. Mafuta mengi ya deki yana linsidi, mafuta ya mbegu za kitani, na yanapokauka yanatoa joto, na matambara yakirundikwa joto halina pa kwenda. Jioni moja kijana wangu aliyafinyanga yote kwenye ndoo, akaiweka nyuma ya jiko la hoteli. Nilikuwa nafunga vyombo nikasikia harufu kama ya kitunguu kinachoungua. Ndoo ilikuwa inafuka moshi, hakuna aliyewasha kiberiti, na juu yake mita mbili tu kuna paa la makuti. Niliibeba na kukimbia nayo hadi baharini, viganja vikatoka malengelenge. Sasa kila tambara linaingia kwenye ndoo ya maji papo hapo, au linatandazwa mojamoja juu ya mchanga, na nayahesabu kabla hatujaondoka.

Kuhusu pesa sina maneno mengi. Fedha ya vifaa ilipwe mwanzo. Ngazi na reli zihesabu peke yake, zinakula muda kuliko sakafu. Piga picha kila kona kabla hujagusa, andika karatasi hata kama meneja ni rafiki, na fanya kipande cha majaribio mahali pasipoonekana, akisaini kuwa rangi ameikubali.

Na tafuta mtu wako pale ndani. Kwenye ile hoteli ya vanishi, ambayo bado ni mteja wangu, ni kijana wa bustani. Nilimfundisha kudondosha maji kwenye mbao kila mwisho wa mwezi: yakizama papo hapo, mafuta yamechoka. Wiki iliyopita alipiga.

"Shikamoo fundi. Maji yanazama."

"Marahaba. Yanazama papo hapo, au yanakaa kidogo?"

"Upande wa baa papo hapo. Kwenye kivuli bado yanasimama."

"Mwambie meneja Januari, upande wa baa tu. Na asiagize vanishi."

"Keshaagiza, fundi. Makopo sita yako stoo."