Kampavani, mtoto mdogo na vijiji vya Ufaransa

Likizo za shule zikikaribia, kina mama wenzangu tunaoishi huku Ulaya huanza kunipigia simu, na swali ni lilelile: mnawezaje kuzunguka Ufaransa ndani ya kampavani, mkalala humo, mkapika humo, na mtoto wa miaka mitatu? Huwa nawajibu kwamba inategemea unakwenda Ufaransa ipi. Paris na kampavani ni ugomvi. Pwani ya kusini mwezi wa Agosti ni foleni na jua. Nendeni mashambani, kwa sababu kijiji cha Ufaransa kinaishi kwa saa za mtoto mdogo: kinaamka mapema, kinakula saa sita mchana, kinafunga milango mpaka saa nane, kisha kinafunguka tena taratibu. Ukiikubali ratiba hiyo, safari inakuwa nyepesi. Ukishindana nayo, utazunguka na mtoto mwenye njaa mbele ya milango iliyofungwa.

Sisi ni watu wa Tanga tuliohamia Ubelgiji, kwa hiyo kwetu ni kuvuka mpaka tu. Anayetoka nyumbani atahitaji viza ya Schengen, na abebe leseni ya kimataifa pamoja na leseni yake ya kawaida. Akumbuke pia kwamba huku magari yanapita kulia na kipilefti kinazungukwa kinyume na kwetu.

Gari letu hutembea mtoto akiwa amelala. Asubuhi ni yake: acheze, akimbie, achoke. Saa sita anakula, saa saba anafungwa mkanda kwenye kiti chake, na kabla hatujamaliza kijiji cha pili amekwisha sinzia. Saa hizo barabara huwa tupu kwa sababu wenyeji wako mezani. Akiamka tunatafuta mahali pa kusimama, tumefika au hatujafika. Baba yake mwanzoni alitaka kuzisukuma kilomita, lakini kilio cha mtoto ndani ya chumba cha bati kinachotembea kilimfundisha upesi kuliko mimi.

Kwa hiyo panga saa mbili za barabarani kwa siku, na siku inayofuata msiende popote. Ramani ya simu isikudanganye. Tangu Julai 2018 mwendo wa juu kwenye barabara za kawaida za vijijini ni kilomita 80 kwa saa, ingawa baadhi ya majimbo yamerudisha 90 katika barabara zao. Kibao chenye jina la kijiji ndicho hicho hicho kinachokuamuru kushuka hadi 50, usingoje kingine. Na ndani ya kijiji, kama hakuna alama inayosema vinginevyo, gari linalochomoza upande wako wa kulia lina haki ya kupita kwanza, hata likiwa trekta lililobeba majani.

Barabara kuu za kulipia zina bei yake, na gari lenye kimo cha zaidi ya mita mbili huingia daraja la pili la ushuru. Lakini zipo za bure zinazokufikisha mashambani kabisa. A20 hailipiwi kutoka Vierzon hadi karibu na Brive. A75, inayoshuka kusini kutoka Clermont-Ferrand, ni bure isipokuwa lile daraja la Millau lililofunguliwa Desemba 2004. Bretagne, mkoa wa magharibi, nayo haina barabara ya kulipia. Sisi hushuka kwa A20, tukapumzika kando ya ziwa Vassivière kule Limousin, ambalo ni bwawa la umeme lenye fukwe za mchanga na maji yasiyo na mawimbi, kisha tukaingia bonde la Dordogne na la Lot, tukapanda nyanda za juu za Aubrac na kurudi kwa A75. Mzunguko huo una mito, ng'ombe na vijiji vya mawe vya kumtosha mtoto, na mzazi habaki akihesabu ushuru.

Sasa malazi, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Wafaransa wameyazoea magari haya kuliko watu wengi wa Ulaya. Vijiji vingi sana vimetenga eneo lake, na kibao chake huandikwa "aire de camping-car". Mara nyingine ni bure, mara nyingine unalipa euro chache kwa usiku. Hapo kuna nguzo ya huduma: bomba la maji safi, mahali pa kumwaga maji ya sinki na mahali pa kumwaga choo. Nguzo za zamani hutumia kisarafu maalumu kinachouzwa dukani kwa mwoka mikate, ofisi ya utalii au ofisi ya kijiji. Kinunue kabla ya saa sita. Baada ya hapo mwoka mikate amekwenda kula, na wewe una tangi tupu.

Mimi binafsi, nikiwa na mtoto, napendelea kambi za halmashauri, "camping municipal". Hazina bwawa la kuogelea lenye mitelezo wala muziki wa usiku. Zina nyasi, mabafu ya maji moto, bembea, na mara nyingi mto au uwanja wa mpira jirani. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kambi za kampuni. Nyingi hufunguliwa Aprili au Mei na kufungwa Septemba, basi anayesafiri Oktoba asizitegemee.

Kuna na utaratibu wa France Passion, ulioanza 1993, ambao wakulima hukuruhusu kulala shambani kwao bure kwa saa 24. Unanunua uanachama wa mwaka, unapata orodha ya wenyeji, na gari lako lazima liwe na choo chake. Hulazimishwi kununua kitu, lakini adabu ni kwenda kusalimia ukifika na kuaga ukiondoka. Wenyeji wengi ni wakulima wa zabibu na wauza mvinyo. Sisi Waislamu tunachagua wafuga mbuzi, warina asali na watengeneza jibini, na mtoto anafurahi zaidi. Binti yangu alishinda asubuhi nzima akichungulia zizi la mbuzi mpaka mama mwenye shamba akampa ndoo abebe. Hakuna hoteli itakayokuuzia asubuhi kama hiyo.

Jambo moja la sheria. Kulala ndani ya gari lililoegeshwa kihalali huhesabiwa kuwa ni kuegesha. Ukitoa viti, meza na turubai la kivuli, umeanza kupiga kambi, na hilo halikubaliki kwenye maegesho ya kawaida. Ufukweni na karibu na majengo ya kihistoria makatazo ni makali zaidi. Soma vibao, na mahali pakikataza, ondoka, kijiji kingine hakiko mbali. Tazama pia maegesho yenye mlingoti wa kuzuia magari marefu, hasa ukiwa umemfuata kwa kasi anayekuonyesha njia na gari dogo.

Maji yana hesabu yake. Tangi la lita 100 linaonekana kubwa mpaka umuogeshe mtoto, uoshe vyombo, utawadhe, na mtu mzima atake kuoga. Sisi tunabeba kopo letu la chooni kama nyumbani, ndoo ya kukunja, na beseni la mtoto ambalo mchana linageuka kuwa sanduku la midoli. Bomba lililoandikwa "eau non potable" maji yake si ya kunywa wala ya kupigia mswaki. Kasha la choo limwage kwenye nguzo ya huduma peke yake, kamwe si mtoni wala kichakani, na usilisubiri lijae: likijaa usiku wa manane hakuna atakayekutafutia suluhisho. Vyoo vya umma utavipata karibu na kanisa au soko, na vingine bado ni vya kuchuchumaa, jambo linalowatisha Wazungu wengine lakini si sisi.

Uwanja wa michezo ya watoto nao karibu kila kijiji kina wake, nyuma ya shule au jirani na ukumbi. Ukiingia mahali, utafute huo kwanza, kabla ya ngome na kabla ya mwonekano mzuri. Mtoto akishabembea nusu saa atakuruhusu kutazama kanisa la karne ya 12 kwa dakika kumi, na hiyo ni biashara nzuri.

Kuhusu chakula nitasema kirefu kidogo, kwa kuwa maswali mengi ni ya hapo. Mkahawa wa kijijini hupika mchana kati ya saa sita na saa nane, na usiku haufungui jiko kabla ya saa moja au saa moja na nusu. Kwa mtoto anayelala saa mbili, hiyo ya usiku isahau. Kuleni nje mchana, jioni pikeni. Jumapili alasiri maduka mengi hufungwa, Jumatatu mikahawa na waoka mikate wengi hupumzika, na tarehe 15 Agosti ni sikukuu. Jumamosi asubuhi jaza friji.

Kwa anayechunga halali, mashamba ya Ufaransa yanahitaji macho. Nyama ya halali hupatikana mijini, hivyo nunua Limoges au Clermont-Ferrand, igawe na uigandishe kama friji yako ina sehemu ya barafu. Vijijini nguruwe hujificha pasipotarajiwa: vipande vidogo viitwavyo "lardons" humwagwa kwenye saladi na kwenye mkate wa mayai, na chapati nyeusi ya Bretagne iitwayo "galette" kwa kawaida huja na "jambon", ambayo ni nguruwe vilevile. Sema "sans porc" mapema, tena kwa tabasamu. Viazi vya Sarlat, mji wa kule Dordogne, hukaangwa kwa mafuta ya bata. Hata hivyo njaa haikuui: kuna samaki wa mtoni aina ya trauti, mayai, jibini, mboga za sokoni, na matunda ambayo Julai na Agosti huwa matamu kweli. Kule Aubrac kuna "aligot", viazi vilivyopondwa na jibini changa hadi vinavutika kama ubani wa kutafuna. Uliza kwanza kama hakuna nyama iliyochanganywa, maana soseji huwekwa pembeni yake. Binti yangu aliula kwa mikono miwili, na mimi niliuacha ugali wangu wa akiba ndani ya kabati. Lakini usisafiri bila unga. Mtoto akiwa na homa hataki jibini, anataka uji.

Sokoni nenda asubuhi, kwani saa sita na nusu wanafungasha. Sarlat soko ni Jumatano na Jumamosi, na Jumamosi ya kiangazi pana msongamano, kwa hiyo kampavani iache nje ya mji. Kila unapoingia, dukani au kwa daktari, anza na "bonjour" kabla hujataja shida yako. Asiyesalimu huhudumiwa kwa baridi, na hilo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa. Familia nyeusi kijijini itatazamwa, sitaficha. Ila mtoto akishasema hiyo "bonjour" yake kwa sauti, vikongwe waliokaa kwenye benchi humjibu wote kwa pamoja.

Vivutio vichague kwa miguu ya mtoto. Rocamadour, kijiji kilichojengwa kwenye mwamba, ni ngazi juu ya ngazi. Kigari cha mtoto kiache, mbebe mgongoni kwa kanga au mbeleko. Pango la Padirac lina shimo la kina cha mita 75 na mto wa chini kwa chini unaopitwa kwa mashua, nako joto ni nyuzi 13 mwaka mzima, basi sweta hata Julai, na tiketi mapema. Karibu na Rocamadour kuna msitu unaolipia ili kuwaona kima. Watu wa Tanga tukalipa kuona kima! Mtoto ndiye aliyefurahi, nikanyamaza.

Afya. Majani marefu na misitu vina kupe, na baadhi hueneza ugonjwa wa Lyme. Kila jioni mkague mtoto nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Kijiti cha kutolea kupe huuzwa duka la dawa, lenye msalaba wa kijani. Usiku au Jumapili piga 3237 kujua duka la zamu, na kwa dharura 112 au 15. Joto la kiangazi linaweza kupita nyuzi 35, na kampavani juani ni tanuri: tafuta kivuli cha mti kabla ya kutafuta mandhari, na mtoto asiachwe ndani hata kwa kununua mkate mmoja. Nyanda za juu ni kinyume, usiku ni baridi hata Agosti. Msijipashe moto kwa jiko la gesi, hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Mtungi wa Ufaransa huenda usiingiane na kichwa cha mtungi wenu, basi ondokeni na gesi ya kutosha au mnunue kiunganishi mapema.

Mwenye kukodi gari, kabla hujalipa, uliza viti. Kampavani nyingi zinatangazwa kuwa ni za watu wanne, ukiingia unakuta vitanda vinne na viti vya nyuma vinavyotazama ubavuni au visivyo na mkanda wa kufungia kiti cha mtoto. Sheria ya Ufaransa inataka mtoto wa chini ya miaka 10 akae nyuma, kwenye kiti kinacholingana na kimo chake. Omba picha ya kiti chenyewe na mkanda wake, si ya kitanda. Kama tarehe ziko mikononi mwako, chukua Juni au nusu ya kwanza ya Septemba: kambi ziko wazi, maji ya ziwa yana joto, na bei ya kukodi hushuka. Ikibidi Julai au Agosti, usiondoke Jumamosi. Serikali hutangaza rangi za foleni kwa jina la Bison Futé, na siku iliyopakwa nyeusi, bakini kijijini mlipo.