Moyo umerudi kupiga: usiku wa kwanza mgonjwa aangaliwe vipi?

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Bukavu. Tulimpokea baba mmoja aliyeanguka ghafla akiwa hana mapigo. Alikandamizwa kifua, akashtuliwa kwa umeme, na moyo ukarudi. Sasa anapumua mwenyewe kwa oksijeni lakini hana fahamu. Zamu ya usiku tuna monita moja, oksimeta (kifaa cha kupima oksijeni ya damu) na kipimo cha sukari. Tumwangalie vipi, na ndugu zake tuwaambie nini?

Jibu: Dada, hatari haijapita. Damu inaporudi kwenye ubongo uliokuwa umeikosa, ubongo huo huendelea kuumia kwa saa na siku zinazofuata, na yanayouzidishia madhara ni mambo ambayo muuguzi huyaona kabla ya daktari.

Oksijeni ikipungua inadhuru, na ikizidi inadhuru pia. Oksimeta ikishasoma vizuri, punguzeni polepole hadi ibaki kati ya 94 na 98 kwa mia. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hata mtu mzima wa afya aweza kusoma 95 hapo. Basi 95 isiwafanye mfungue chupa yote, na 100 usiku kucha si jambo la kujivunia. Vidole vikiwa baridi, wekeni kifaa kwenye ndewe ya sikio. Akianza kukoroma au kutapika, njia ya hewa ndiyo ya kwanza, na daktari wa usingizi aitwe mara moja.

Shinikizo la damu lisisomwe kwa namba ya juu tu. Chukueni namba ya chini mara mbili, mjumlishe na ya juu, mgawe kwa tatu, mpate wastani: 90/50 inatoa 63, nasi tunataka wastani huo uzidi 65. Mkojo ukipungua, msingoje asubuhi kumwarifu daktari.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni homa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kumpoza mgonjwa hadi nyuzi 33 hakukuokoa maisha zaidi ya kumzuia asipate homa, kwa hiyo hamhitaji barafu; mnahitaji kipimajoto, parasetamoli, maji ya uvuguvugu na kauli thabiti kwa mama mkwe anayeongeza blanketi la tatu kwa sababu usiku wa Bukavu una baridi. Joto lisipite 37.5 kwa siku tatu, mkikumbuka kwamba kwapani husoma chini ya joto la ndani ya mwili.

Homa ikipanda, kwetu mtu wa kwanza kushitakiwa ni malaria. Pimeni kwanza. Ikiwa ni malaria kali, artesunate ndiyo dawa yake. Kwinini huvuruga mwendo wa umeme wa moyo na kushusha sukari, mambo mawili ambayo mgonjwa huyu hawezi kuyastahimili. Sukari isishuke chini ya miligramu 70 wala isizidi 180 kwa desilita. Damu ya ncha ya kidole baridi hudanganya, hivyo namba ikiwatia shaka, pimeni ya mshipa.

Mengine mnayajua: kichwa kiinuliwe nyuzi 30, ageuzwe, kinywa kisafishwe, potasiamu ya damu iulizwe. Kope au vidole vikitikisika mfululizo, andikeni saa na muite daktari, maana huenda ni degedege.

Kwa ndugu, asiwepo wa kusema “amekwisha” wala “ataamka kesho”. Uamuzi kuhusu ubongo hautolewi kabla ya saa 72, na hata hapo dawa za usingizi ziwe zimeisha mwilini. Akiamka, wajiandae kuulizwa swali lilelile mara nyingi, kwani kumbukumbu huchelewa kurudi. Woga na uchovu vyaweza kudumu miezi. Na kama chanzo hakijulikani, au ni ugonjwa wa moyo wa kurithi, watoto na ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe umeme wa moyo, hata wasiohisi chochote.