Kuongeza nguvu ya injini ya pikipiki: pima kwanza, kabureta baadaye

Mkuu, umeuliza kama kabureta kubwa (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) na ekzosi ya wazi vitatosha kuipa nguvu pikipiki yako ya cc 150. Mimi nilianza hapo hapo. Kelele ziliongezeka, mlimani ikabaki ile ile, na nikivuta mafuta ghafla ikawa inasita. Kabureta ikiwa pana kuliko mahitaji ya injini, hewa inapita polepole mno kwenye mzunguko wa chini na haivuti petroli inavyotakiwa.

Kabla hujanunua kitu, fungua hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda chenye valvu. Igeuze juu chini, plagi ikiwa imefungwa, mimina petroli kwenye chumba cha kuwakia, subiri dakika tano, kisha chungulia njia ya hewa na ya moshi. Yangu ililowa upande wa moshi, maana yake valvu ya upande huo haikuwa inaziba vizuri. Nikasaga valvu mpaka ukatokea mstari wa kijivu usiokatika mzunguko mzima. Kwa kazi hiyo tu, pikipiki ilianza kupanda mlima kwa gia niliyokuwa nimeacha kuitumia.

Baada ya hapo ndipo nilipotanua silinda. Injini yangu ilikuwa na kipenyo cha milimita 62 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, yaani kama cc 149. Nikaweka pistoni ya milimita 67, ikafika cc 174. Wengi wanasahau jambo moja: usipogusa chumba cha kuwakia, na pistoni mpya ikawa na kichwa cha umbo lile lile, mgandamizo (kiasi ambacho pistoni inabana hewa na petroli) nao unapanda. Kama ulikuwa 9 kwa 1, kwa vipimo hivyo unafika 10.3 kwa 1. Ukiongeza tena kuchonga uso wa hedi, injini inaanza kugonga, yaani petroli inajilipukia yenyewe ndani, na kugonga huko ndiko kunakotoboa pistoni. Hakikisha pia fundi anakwambia ukuta wa silinda utabaki na unene gani akishatanua.

Ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, usizivalishe hivi hivi. Ingiza moja ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime mwanya kati ya ncha zake mbili. Mimi niliacha milimita 0.3. Mwanya ukibana sana, joto linakutanisha ncha hizo na ringi inakwaruza silinda.

Sasa kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Hapa ndipo nilipoumia. Niliweka inayoinua valvu juu zaidi, nikafunga injini bila kupima, na siku ya kwanza nilipoivuta hadi juu valvu ya hewa ikagonga pistoni ikapinda. Injini nzima ikarudi mezani. Siku hizi napaka mafuta kidogo kwenye kichwa cha pistoni na kwenye valvu, nabandika udongo laini wa kuchezea watoto pale valvu zinapokaribia, nafunga hedi na gasketi yake kwa nguvu kamili, nasawazisha valvu, kisha nazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili. Nafungua tena, nakata ule udongo kwa wembe pale ulipobonyea zaidi na kupima unene. Chini ya milimita 1.5 upande wa hewa, au 2 upande wa moshi, sifungi. Kazi hiyo inakula nusu saa.

Petroli ni ya mwisho, lakini usiidharau, kwa sababu cc zikiongezeka na jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) ikabaki ile ile, mchanganyiko unaweza kuwa mkavu, yaani petroli ndogo kuliko hewa, na pistoni ikaungua. Weka plagi mpya, endesha ukiwa umevuta mpaka mwisho kwenye barabara iliyo tupu, shika klachi na uzime hapo hapo, kisha toa plagi. Nyeupe maana yake petroli ni ndogo. Nyeusi yenye masizi ni nyingi. Unatafuta rangi ya kahawa. Nilibadilisha jeti mara tatu ndipo nikaipata.

Ukishafungua, pima kipenyo cha silinda juu, katikati na chini, uweke vipimo hapa. Kutoka hapo nitakwambia kama ni ya kutanua au inahitaji ringi tu.