Maswali na majibu: protini za damu na saratani ya mapafu

CEA ya baba (protini ya damu inayoweza kupanda kwa saratani) ni 12. Amebakiza muda gani?

Sijui, na atakayekujibu kwa namba hiyo tupu anakudanganya. Nimeshachoka kusema: msiniletee namba bila aina ya saratani, hatua iliyofikia na hali ya mgonjwa. Anatembea? Anaoga mwenyewe? Analala zaidi ya nusu ya mchana? Hayo yana uzito kuliko protini moja. Hata mvutaji sigara asiye na saratani yoyote huweza kukutwa na CEA iliyopanda kidogo. Ni kweli, ukichukua wagonjwa wengi, wale walioanza matibabu na CEA au CYFRA 21-1 (protini nyingine ya damu ya aina hiyo) ya juu kwa jumla huishi muda mfupi zaidi. Lakini huyo ni baba yako, si wastani.

Nina saratani ya seli ndogo. NSE (protini ya damu inayofuatiliwa kwa saratani hii) imepanda karibu maradufu, CT (picha ya mionzi) haijabadilika. Imekua?

Ulizia kwanza damu ilivyoshughulikiwa. Chembe nyekundu zimejaa NSE. Zikipasuka, labda sindano ilisumbua au chupa ilikaa sana kabla ya kuzungushwa kwenye mashine, protini humwagika ndani ya seramu (majimaji ya damu yanayopimwa) na jibu hupanda bila uvimbe kuongezeka hata chembe. Seramu ikionekana nyekundu, damu itolewe upya. Maabara makini huandika hilo kwenye jibu. Nyingine hunyamaza, na mgonjwa anakesha. Rudia kipimo, maabara ileile, mashine ileile. Na figo zako zikoje? Zikidhoofu, CYFRA 21-1 na ProGRP (nyingine inayofuatiliwa kwa saratani ya seli ndogo) nazo hupanda.

CEA inafaa kumpima mtu asiye na dalili?

Hapana. Mvutaji wa miaka mingi aulizie CT ya mionzi midogo.

PD-L1 asilimia 60: nzuri au mbaya?

Hiyo ni protini ya kwenye seli za saratani; hupimwa kwenye kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, na kazi yake kubwa ni kuchagua dawa. Kwa saratani isiyo ya seli ndogo iliyosambaa, isiyo na mabadiliko ya jeni za EGFR au ALK, kuanzia asilimia 50 pembrolizumab (dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani) huweza kutolewa bila kemo. Kujua nani ataishi zaidi ni jambo moja, kujua dawa gani itamfaa ni jingine. Wanaoyachanganya ni wengi, wengine wamevaa makoti meupe.

Nimesoma kuna protini mpya zinazotabiri uhai. Nizipime wapi?

Usihangaike. Pima maelfu ya protini kwa wagonjwa mia moja, na kadhaa zitaonekana kutabiri kifo kwa bahati tu. Kisha mtafiti anachagua mpaka wa "juu" na "chini" unaompendeza, mchoro unatoka safi. Mwongozo wa REMARK ulitolewa mwaka 2005 kudai uwazi katika ripoti za namna hii, na bado zinaandikwa ovyo. Je, mpaka uleule umejaribiwa kwa wagonjwa wa hospitali nyingine? Unaongeza chochote juu ya kile ambacho hatua ya ugonjwa imeshasema? Kama ripoti haijibu, funga ukurasa, na anayekuuzia kipimo hicho mnyime pesa yako.