Mwaka wa nuru si muda

Nilipoanza kupenda falaki nilikuwa na daftari la istilahi. Nikikutana na neno naliandika, nalikariri, basi. Usiku mmoja tumekaa barazani, mpwa wangu akaonyesha Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana: "Mjomba, kile kiko mbali kiasi gani?" Nikamjibu kwa mbwembwe, "Miaka 440 ya nuru." "Kwa hiyo kina umri wa miaka 440?" Nikasema ndiyo! Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Mwaka wa nuru ni umbali. Nuru hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na njia inayoikata kwa mwaka mzima ni kama kilomita trilioni 9.5. Mbona sisi wenyewe husema "sokoni ni mwendo wa nusu saa"? Ni mtindo uleule. Mwezi uko mwendo wa sekunde 1.3 za nuru, Jua dakika 8 na ushee. Na nuru ya Kilimia unayoiona leo iliondoka huko karibu na zama Wareno walipojenga Ngome ya Yesu, Mombasa.

Kwa hiyo ushauri wangu: usikariri neno kabla hujalipachika kwenye kitu unachokiona au kukishika.

Mazoea ya lugha nayo hukwamisha. "Nyota ya alfajiri" si nyota, ni Zuhura, sayari inayoakisi tu nuru ya Jua. Nyota huwaka yenyewe. Ukitazama kwa macho, nyota humetameta, sayari mara nyingi hutulia.

Lakini lililonisumbua kuliko yote ni uzito na tungamo, kwa sababu dukani tunaviita kitu kimoja. Chukua kilo moja ya sukari. Hiyo kilo ni tungamo, yaani wingi wa sukari yenyewe. Uzito ni nguvu ambayo Dunia inaivutia chini, nao hupimwa kwa nyutoni: hapa ni kama 9.8, Mwezini 1.6 tu, maana Mwezi huvuta kwa nguvu ndogo zaidi. Sukari haijapungua hata chembe, na chai yako itakolea vilevile. Nilielewa nilipowaza mizani mbili. Ile ya springi ya kuning'iniza, ya wauza samaki, ukiipeleka Mwezini itasoma gramu 160 na kitu. Ile ya mawe itasoma kilo moja kamili, maana jiwe la upande wa pili nalo limepungukiwa uzito kwa kiasi kilekile.