Kuchomekea au kuachia nje? Tazama pindo

Swali la wiki lilikuwa: "Shati livaliwe kwa kuchomekea au kuachia nje, na nani wa kuamua?" Najua wengi watajibu kwa kuangalia umri, kazi au kitambi. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na ninavyoona, aliyelikata shati alishaamua zamani. Jibu liko kwenye pindo la chini.

Lishike shati mabegani uliache lining'inie. Kama mbele na nyuma limeshuka kama ulimi na ubavuni limepanda, hilo ni la kuchomekea. Urefu ule ni wa makusudi, ukinyanyua mkono kushika bomba kwenye daladala shati lisichomoke. Ubavuni limepandishwa ili kitambaa kisirundikane kiunoni na kutuna ndani ya suruali. Kagua pia tobo la kifungo cha mwisho. Kwenye mashati mengi mazuri ya ofisini tobo hilo limelazwa, ilhali ya juu yake yamesimama. Pale ndipo panapovutwa mtu akikaa, na tobo lililolazwa halifunguki ovyo.

Umbo hilo limetoka mbali. Ulaya ya zamani shati lilikuwa nguo ya ndani, la kupitishia kichwani, na mikia yake ilikunjwa katikati ya mapaja ikafanya kazi ya chupi. Mwaka 1871 kampuni ya Brown, Davis & Co. ya London ilisajili shati linalofunguka mbele lote kwa vifungo, lakini mkia ukabaki. Hata ile fulana ya kola aliyoivaa René Lacoste kwenye mashindano ya tenisi ya Marekani mwaka 1926 ilikuwa ndefu zaidi nyuma, isichomoke akikimbilia mpira.

Pindo lililonyooka lenye mpasuo mdogo kila ubavu ni la nje. Ule mpasuo unaipa nyonga nafasi, na mkono unaingia mfukoni bila kupandisha shati zima. Chukua kaunda suti: mifuko yake ya chini iko karibu na nyonga, utaichomekea vipi? Na asiniambie mtu kwamba la nje si rasmi. Mwalimu Nyerere aliongoza nchi akivaa hivyo, na Mandela alihudhuria shughuli za kiserikali na mashati yake ya hariri yenye maua, kifungo cha juu kimefungwa, pindo nje. Ni kweli Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku kaunda suti katika Bunge la Kenya Novemba 2023, lakini wabunge wa kule si wateja wangu.

Kwenye kitenge sina mjadala. Ukichomekea, ua linakatwa nusu na mkanda, na kazi yote niliyofanya ya kulinganisha maua kushoto na kulia inapotea.

La nje liishie katikati ya zipu. Nikimpima mteja namwambia anyanyue mikono yote miwili. Mkanda ukionekana naongeza inchi.

Siku hizi vijana wananiletea mashati ya mtumba yenye mikia mirefu niyakate yawe ya nje. Kuna mafundi wanaopitisha mkasi moja kwa moja na kupiga pindo pana, kifungo cha mwisho kikaangukia ndani ya pindo. Mimi naufuata mviringo wenyewe, naupandisha tu. Pindo lake liwe jembamba, robo inchi, likunjwe mara mbili. Likiwa pana linaleta mawimbi ambayo hata pasi ya mkaa haiyanyooshi. Nikifika ubavuni napunguza mwendo wa cherehani, nakisukuma kitambaa taratibu kwa kidole bila kukivuta, maana kikivutwa pale hakirudi.

Ila kabla hujaniletea, fikiri vizuri. Kijana mmoja alinikatisha mashati yake yote ya mikono mirefu, kisha akapata kazi benki, ambako kuchomekea ni lazima. Alirudi kuuliza kama vile vipande nimevitunza. Nilikuwa nimeshavifutia mafuta ya cherehani.